Haidrenja wakati wa kiangazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamewalenga wenye bustani za nyanda za juu: Arusha, Moshi, Lushoto, Nairobi, Limuru na kwingine kwenye ubaridi kama huo. Kiangazi kinachozungumziwa hapa zaidi ni cha Januari na Februari, vuli ikiwa imekatika na masika bado. Wenzetu wa Mbeya, Njombe na Iringa hukaa na ukame muda mrefu zaidi, kuanzia Mei, na makali yake huyaona Septemba na Oktoba. Wasome miezi yao badala ya yetu. Mengine ni yale yale. Wa pwani wana swali lao karibu na mwisho.

## Mambo ya msingi

Kwa nini haidrenja inateseka juani kuliko maua mengine ya bustani?

Kwa sababu ina majani mapana na mizizi ya juu juu. Majani yale hupoteza maji mengi mno mchana, na mizizi yake myembamba imejazana kwenye sentimita chache za mwanzo za udongo, pale pale panapokauka kwanza. Waridi huchimba chini kutafuta maji. Haidrenja haichimbi, inangoja uilete.

Kumbuka pia asili yake. Ile ya maua ya mviringo iliyojaa kwenye bustani zetu, Hydrangea macrophylla, kwao ni Japani, kwenye hewa yenye unyevu na jua lisilo kali. Limuru yenye ukungu inaielewa vizuri. Arusha ya Februari, upepo mkavu na mbingu nyeupe, inabidi uisaidie.

Majani yanalegea saa saba mchana, jioni yanasimama tena. Nimwagie maji?

Usikimbilie ndoo. Kulegea mchana si lazima udongo uwe mkavu. Mara nyingi ni kwamba majani yanatoa maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha. Jua likipungua, mmea unajipatanisha wenyewe. Ukimwaga maji kila unapoona majani yamelala, mwisho wake mizizi inakosa hewa na kuoza, na mmea wenye mizizi iliyooza hulegea vile vile. Hapo ndipo mtu huongeza maji zaidi, na haidrenja inakufa ikiwa imeloa.

Utazame mmea saa kumi na mbili asubuhi. Kama umelegea hata wakati huo, baada ya usiku mzima wa ubaridi, kuna shida: ama udongo umekauka, ama mizizi imeharibika. Kama asubuhi umesimama vizuri, una haja ya kivuli cha mchana zaidi ya maji. Soma sehemu ya kivuli hapa chini.

Nitajuaje kama udongo una maji?

Kwa kidole. Sogeza matandazo pembeni, ingiza kidole chote hadi kifike mwisho, kama sentimita saba, karibu na shina lakini si juu yake. Ukikuta ubaridi na chembe za udongo zimeng'ang'ania kidoleni, acha. Kidole kikitoka kisafi na udongo ukawa wa uvuguvugu, mwagia leo. Usidanganywe na uso wa udongo: ule mwekundu hukauka juu na kupasuka ilhali chini bado una maji, na ule wenye majivu ya volkano huonekana mweusi, umelowa, kumbe ni rangi yake tu.

Haidrenja zote zinahitaji matunzo sawa?

Hapana. Ile yenye maua yaliyochongoka mfano wa pia, Hydrangea paniculata, huvumilia jua zaidi na ndiyo ningemshauri mtu mwenye kiwanja kisicho na kivuli, akiipata. Ile yenye majani yaliyokatwakatwa pembeni, ambayo asili yake ni kusini-mashariki mwa Marekani, nayo huhimili ukame kidogo. Lakini vitalu vyetu vingi huuza macrophylla, na ndiyo inayojibiwa humu.

## Maji

Nimwagilie mara ngapi kwa wiki, na kiasi gani?

Kwa kichaka kilichokomaa, chenye upana wa kama mita moja, ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki inatosha kwenye udongo mwekundu wenye matandazo. Kwenye udongo wa kichanga au wa majivu ya volkano unaopitisha maji upesi, gawa: nusu ndoo mara nne. Hesabu yake si ya kubuni tu. Kanuni ya watunza bustani ni milimita 25 za mvua kwa wiki, na milimita 25 kwenye mita moja ya mraba ni lita 25. Kinachoongezeka ni fidia ya joto na upepo.

Muhimu kuliko idadi ya lita ni namna ya kuyamwaga. Maji ya haraka haraka kila siku, kikombe hapa kikombe pale, hulowesha juu tu na kuifundisha mizizi kubaki juu. Mwaga polepole, subiri yazame, mwaga tena. Na usimwagie shinani peke yake: mizizi inayokunywa imesambaa chini ya majani yote, hadi pale ncha za matawi zinapoishia.

Mmea mchanga wa msimu huu haumo kwenye hesabu hii. Mizizi yake bado iko ndani ya donge ulilotoa kitaluni, kwa hiyo unataka maji kidogo zaidi lakini mara nyingi, pengine kila baada ya siku mbili. Kidole ndicho kiamue.

Asubuhi au jioni?

Asubuhi, kabla ya saa mbili. Mmea unaingia kwenye joto ukiwa umeshiba. Jioni si dhambi, hasa kama maji yenu ya bomba hutoka usiku, ila yamwage kwenye udongo na si kwenye majani. Majani yanayolala yameloa huvuta madoa ya ukungu.

Ni kweli matone ya maji yakipigwa na jua yanaunguza majani?

Sivyo. Madoa ya kahawia unayoyaona yametoka kwenye jua lenyewe, au kwenye upepo mkavu, au maji yako yana chumvi nyingi na yakikauka huacha ukoko. Sababu ya kutomwagia saa sita ni kwamba maji mengi hupotea hewani.

Maji kwetu ni ya mgao. Nitaendaje wiki nzima?

Anza na matandazo, kwa maana hayo ndiyo akiba ya bei rahisi kuliko zote (tazama swali la matandazo). Halafu tengeneza matone. Chukua chupa ya plastiki ya lita 5 au dumu dogo, toboa tundu moja au mawili chini kwa sindano iliyopashwa moto, lijaze, legeza kifuniko kidogo ili hewa iingie, kisha likalishe juu ya udongo kati ya shina na ncha za matawi. Tundu likiwa dogo vya kutosha, lita 5 zitachukua saa kadhaa kuisha na hakuna tone litakalotiririka kwenda kwa jirani. Kichaka kikubwa weka mawili, moja kila upande.

Ikibidi kuchagua, mpe maji aliyepandwa mwaka huu, na aliye kwenye chungu. Kichaka cha miaka mingi kinaweza kupoteza maua yote na nusu ya majani na bado kikachipua masika yakianza. Na kama maji yamekosekana kabisa, kata vichwa vya maua vyote. Vinakunywa sana kuliko watu wanavyodhani. Utayaweka mezani, swali la mwisho linaeleza jinsi ya kuyafanya yadumu.

Naweza kutumia maji ya kuoshea vyombo au kufulia?

Maji yaliyosuuza mboga au kuosha mchele, ndiyo, bila wasiwasi. Maji ya kusuuzia nguo ya mwisho kabisa, mara moja moja, kwenye udongo tu. Maji ya povu zito, hapana: sabuni ya unga ina magadi na chumvi zinazorundikana kwenye udongo, na mvua ya kuzisukuma chini haipo kiangazi. Yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo, usiyasogeze kabisa.

Maua yangu yalikuwa ya bluu, sasa yanatoka ya waridi na majani yamepauka. Nimekosea wapi?

Huenda ni maji. Hili huwashangaza watu wengi, kwa hiyo jibu litakuwa refu kidogo.

Rangi ya bluu hutokana na madini ya alumini ambayo mmea unayavuta kutoka kwenye udongo. Alumini ipo karibu kila mahali, lakini inayeyuka na kuvutwa na mizizi pale tu udongo unapokuwa na uchachu, pH (kipimo cha uchachu, kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) ya 5.5 hivi kushuka chini. pH ikipanda kufika 6.5 na zaidi, alumini hujifunga na maua hugeuka waridi. Katikati hapo utapata zambarau za kila namna. Udongo mwekundu wa milimani una uchachu wa asili, ndiyo maana haidrenja nyingi za Lushoto na Limuru ni za bluu bila mtu kufanya lolote.

Sasa kiangazi kinaingia, tenki la maji ya mvua linaisha, unahamia kwenye maji ya kisima kirefu. Maji ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru na sehemu nyingi za Bonde la Ufa yana magadi. Ndiyo hayo hayo yenye floraidi inayobadilisha meno ya watoto rangi. Floraidi siyo inayobadili ua, ila magadi yanaupunguza uchachu wa udongo kidogo kidogo, ndoo kwa ndoo. Alumini inajifunga na chuma kinajifunga pia. Kukosa chuma ndiko kunakofanya majani machanga yawe manjano huku mishipa ikibaki kijani.

Ukiona dalili hizo, fanya hivi. Maji ya mvua yaliyobaki yahifadhi kwa ajili ya haidrenja, na ya kisima yapeleke kwenye majani ya ukoka na mimea isiyojali. Tandaza mboji nzuri. Mvua zikianza, ndipo utumie shabu, ile ile inayouzwa madukani kwa kusafishia maji: kijiko kimoja cha chakula cha unga wake kwenye lita 4 za maji, umwagie udongo ambao tayari umelowa, mara moja kwa mwezi. Usiitumie wakati mmea umechoka na joto, na usiongeze dozi kwa haraka ya kuona bluu. Shabu nyingi huunguza mizizi. Maua yaliyokwisha funguka hayatabadilika, utaona tofauti kwenye yatakayofuata.

Kama hutumii maji ya kisima, angalia ukuta. Saruji na chokaa ya ukuta mpya huingia kwenye udongo na kuleta matokeo hayo hayo kwa mimea iliyo karibu nao. Na kama una aina nyeupe, achana na shabu: nyeupe haigeuki.

## Kivuli, jua na matandazo

Niipande upande gani wa nyumba?

Upande wa mashariki, panapopata jua la asubuhi hadi saa nne au tano kisha kivuli cha nyumba. Kwa hili hakuna ubishi. Upande wa magharibi ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu jua la saa tisa linapiga majani yaliyokwisha choka, kisha ukuta unaendelea kutoa joto hadi usiku.

Ugumu unakuja kaskazini na kusini. Vitabu vingi vya bustani vimeandikwa Ulaya au Marekani, ambako jua la mchana huwa kusini daima, kwa hiyo huko husema "panda kaskazini mwa nyumba" na hawafikirii tena. Kwetu jua linahama. Januari na Februari, mtu wa Arusha au Nairobi ana jua la mchana upande wa kusini, hivyo ukuta wa kaskazini ndio unaotoa kivuli wakati wa joto. Juni hadi Agosti jua linahamia kaskazini na kuupiga ukuta ule ule, lakini wakati huo ni kipupwe, mawingu yametanda, na haidrenja hailalamiki. Kwa hiyo ushauri wa vitabu unatufaa, ingawa kwa sababu nyingine.

Mtu wa Mbeya au Njombe asiufuate. Makali yake ni Septemba hadi mwanzoni mwa Oktoba, na jua lake wakati huo bado liko kaskazini. Kivuli chake kiko kusini mwa nyumba.

Naweza kuipanda chini ya mti?

Inategemea mti. Mparachichi hutoa kivuli kizito mno na mizizi yake iko juu juu pia, zitagombana. Mkaratusi usiuwaze, hunywa maji yote na kuiacha haidrenja mifupa. Mgrevilea ni mzuri kwa kivuli chake chepesi kinachochezacheza, mradi upande mbali na shina, mita tatu au zaidi, na ukubali kuongeza maji kidogo.

Neti ya kivuli inasaidia?

Sana, na kwa mmea ambao tayari upo mahali pabaya ni bora kuliko kuuhamisha kiangazi. Tafuta ya asilimia 50, yaani inayozuia nusu ya mwanga wa jua. Isimamishe kwenye miti mitatu au minne upande wa magharibi na juu, ikiwa mbali na majani ili hewa ipite. Usiifunge kwenye mmea kama shuka. Huna neti? Makuti, mkeka chakavu, hata matawi mabichi yaliyochomekwa ardhini upande wa jua hutosha kwa wiki za joto kali. Si mapambo, lakini Machi unatoa.

Matandazo gani yanafaa, na mchwa je?

Maganda ya kahawa kama uko Moshi au sehemu zenye viwanda vya kukoboa, majani makavu ya migomba yaliyokatwakatwa, nyasi kavu zisizo na mbegu, au mboji iliyoiva nusu. Unene wa sentimita 5 hadi 8. Mwagilia udongo kwanza ndipo utandaze. Ukitandaza juu ya udongo mkavu umeuhifadhi ukavu. Acha nafasi ya kiganja kimoja kuzunguka shina, matandazo yanayoegemea shina huliozesha.

Mchwa ni kweli huja, hasa kwenye nyasi kavu na vipande vya mbao. Wao hupenda kilichokufa na kikavu kuliko kilicho hai, ila mmea uliochoka nao wakati mwingine huliwa gome. Tumia mboji badala ya nyasi mahali penye mchwa wengi, yageuze matandazo kila wiki kuvuruga mifereji yao ya udongo, na ile nafasi ya kiganja uisimamie.

## Mbolea na kupogoa

Mmea unaonekana dhaifu. Niupe mbolea?

Usiupe, uwe na maji kwanza. Mbolea ya chumvichumvi kwenye udongo mkavu huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaingiza, na ikifanya kazi huleta majani mapya laini yanayohitaji maji zaidi. Vyote viwili ni hasara. Samadi mbichi ya kuku ni mbaya zaidi. Subiri mvua za mwanzo, weka mboji au samadi iliyooza vizuri, na kama unatumia mbolea ya dukani ya NPK iwe kidogo.

Majani yameungua pembeni. Niyaondoe?

Sehemu iliyoungua haitapona, lakini sehemu ya kijani ya jani hilo hilo bado inalisha mmea na inakitia kivuli kilicho chini yake. Ondoa yaliyokauka yote. Yaliyoungua nusu yaache, hata kama yanakukera machoni.

Nipogoe sasa ili nipunguze matawi yanayokunywa maji?

Wazo linaeleweka, ila gharama yake ni maua. Macrophylla huweka macho ya maua yajayo kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Ukizikata Februari umekata maua ya miezi ijayo, na juu ya hapo unailazimisha ichipue machipukizi laini kwenye joto. Kiangazi kata maua yaliyokauka tu, juu ya jozi ya kwanza ya macho yaliyonenepa, na matawi yaliyokufa. Kupogoa kwa kweli kunangoja maua yaishe na mvua iwepo.

## Wadudu na magonjwa

Majani yana vitone vidogo vya njano na yanaonekana kama yana vumbi. Nini hiki?

Utitiri, kwa uwezekano mkubwa. Ni mdudu wa kiangazi hasa, joto na ukavu ndivyo vinavyomzalisha. Kumhakikisha, chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya jani na uligonge jani mara mbili tatu kwa kidole. Zitaanguka chembe ndogo kuliko chumvi laini. Subiri kidogo. Zikianza kutembea, ni utitiri. Ukizipangusa kwa kidole zitaacha mistari ya rangi ya hudhurungi au nyekundu. Kwa walioshamiri utaona na utando mwembamba upande wa chini wa jani, kwenye pembe za mishipa.

Dawa ya kwanza ni maji: pulizia upande wa chini wa majani kwa nguvu ya mpira, asubuhi, siku tatu nne mfululizo. Hapa ndipo pekee ninapokubali majani yaloweshwe. Wakibaki, maji ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa, hafifu, jioni jua likishazama, kisha yasuuze kesho yake. Dawa za jumla za kuua wadudu huwaua pia wadudu wanaokula utitiri, na wiki mbili baadaye unakuwa na wengi kuliko ulivyoanza.

Unga mweupe juu ya majani?

Ubwiri unga. Hupenda mchana wenye joto kavu na usiku wa ubaridi, mahali pasipopitisha hewa. Ng'oa majani yaliyozidiwa, usiyatupe kwenye mboji, na punguza msongamano wa mimea ya jirani.

Majani manjano, mishipa kijani?

Limejibiwa kwenye swali la maua yaliyogeuka waridi.

## Haidrenja kwenye vyungu

Ya kwenye chungu inahitaji maji kila siku?

Wakati wa joto, karibu kila siku, na kwenye kibaraza chenye upepo pengine mara mbili. Kikubwa ni joto la chungu chenyewe. Chungu cheusi cha plastiki kikipigwa na jua la alasiri hupika mizizi iliyogusana na ukingo wake. Kitumbukize ndani ya chungu kikubwa cha udongo, jaza nafasi ya katikati kwa mchanga na uuloweshe. Au kivike gunia. Usikiache kimekaa ndani ya sahani yenye maji siku nzima.

Nikimwagia, maji yanapita moja kwa moja na kutoka chini.

Udongo wa chungu umekauka kupita kiasi, umesinyaa, maji yanapita kati ya donge na ukingo. Tumbukiza chungu chote kwenye beseni au ndoo ya maji hadi mapovu yaache kupanda, nusu saa au zaidi, kisha kitoe kichuruzike. Hilo hilo linafaa kwa chungu ulichorudi safari ukakikuta kimelegea.

## Hali za pekee

Nasafiri wiki mbili mwezi wa pili. Nifanye nini?

Mwagilia kwa kina siku ya kuondoka, ongeza matandazo, kata maua yote, sogeza vyungu vyote pamoja kivulini upande wa mashariki. Madumu ya matone hayatafika wiki mbili, kwa hiyo mwombe jirani ayajaze kila baada ya siku nne. Mwambie ajaze madumu tu. Jirani mwema mwenye mpira wa maji ni hatari yake.

Nimeuziwa haidrenja nzuri Februari. Niipande ardhini sasa?

Iache kwenye chungu chake, kivulini, hadi masika yashike. Iliyokuzwa chini ya neti kitaluni haijazoea jua lako. Ukilazimika kuipanda, panda jioni, kata maua, loweka donge kwanza, na uiwekee kivuli siku hiyo hiyo.

Imekauka kabisa. Imekufa?

Kwangua gome kwa ukucha karibu na chini. Ukiona kijani chenye unyevu, ina uhai. Kata hadi hapo, mwagilia kwa kiasi, usiweke mbolea, ngoja. Matawi yakiwa kahawia kavu yote, fukua kidogo pembeni: wakati mwingine machipukizi yanakuja kutoka kwenye kisiki. Mpe hadi mwezi wa tano kabla ya kung'oa. Ukikuta mizizi laini ya kahawia inayonuka, iliuawa na maji, si ukame.

Majani yake naweza kuwapa mbuzi au sungura?

Usiwape. Majani na macho ya haidrenja yana kemikali inayotoa sumu ya sianidi inapotafunwa. Kwa kawaida huleta kutapika na kuharisha, na mnyama mdogo au aliyekula nyingi huweza kupata madhara makubwa zaidi. Kiangazi ndicho chenye hatari hii, kwa kuwa malisho yameisha na kichaka cha kijani kwenye ua wako ndicho kinachoonekana kutoka barabarani. Mabaki ya kupogoa yafukie au yaweke kwenye mboji iliyofunikwa. Mbwa na watoto wadogo nao wasiyatafune.

Niko Dar es Salaam. Ile niliyoletewa kutoka Lushoto ilichanua vizuri, mwaka huu majani matupu.

Na itaendelea hivyo, hata ukiimwagia sawasawa. Macrophylla hutengeneza macho ya maua baada ya wiki kadhaa za ubaridi, nyuzi joto chini ya 18 hivi. Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar hazina wiki hizo. Maua uliyoyaona yalitengenezwa Lushoto. Ifurahie kama mmea wa majani kwenye kivuli kizito, au mpe mtu anayepanda milimani. Wanaouliza wakiwa Muscat, jibu ni hilo hilo na joto juu yake: inunue ikiwa na maua, iweke ndani, usiitarajie mwaka wa pili.

Nikiyakata na kuyaweka kwenye vazi yanalala saa ile ile. Kwa nini?

Utomvu wake huziba mwisho wa kikonyo, na vichwa vile vinapoteza maji upesi. Kata asubuhi na mapema ukiwa na ndoo ya maji mkononi. Nyumbani, kata tena mshazari, chovya sentimita mbili za mwisho kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika, au zipake unga wa shabu, kisha weka kwenye maji ya baridi. Ondoa majani yote isipokuwa mawili.

Yaliyokwisha lala huamka. Zamisha kichwa chote cha ua kwenye beseni la maji ya baridi kwa nusu saa hadi saa nzima. Petali zake hunywa zenyewe. Na chagua yaliyokomaa, yale ambayo ukiyagusa ni makavu kidogo kama karatasi. Machanga laini, yaliyofunguka juzi, hata ufanyeje hayafiki kesho kutwa.